Mjomba, kabla hujauza nyumba uje Ufilipino

Mjomba shikamoo.

Voisi yako nimeisikiliza yote, na nimeona nikujibu hapa hadharani badala ya Wasap maana sio wewe peke yako unayeniuliza, kuna wenzio kibao wa huko Uingereza na wengine wa Muscat niliofanya nao kazi wanaokaribia kustaafu na maswali ni yale yale, eti Ufilipino maisha nafuu, jua kama la Tanga, Kiingereza kinasemwa mpaka sokoni, watu wakarimu, je tuje? Ila wewe umeongeza jambo ambalo wenzio hawakulisema. Umesema umechoka. Kila simu ikiingia kutoka nyumbani ni ada ya mtoto wa fulani, mara bati zinavuja, mara kuna mtu kalazwa hospitali ya Bombo anatakiwa operesheni, na wewe tangu mkaza mjomba atangulie mbele ya haki unataka upate mahali ukazeeke kimya kimya ambako hakuna anayekujua wala anayekudai.

Mjomba, kama unachokitafuta ni hicho basi Ufilipino sio kwenyewe, na nakwambia hivi kwa mapenzi kabisa.

Kwenye hela uko sawa, hilo sikubishii. Tena kuna jambo sijui kama umelifuatilia, pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia nayo Tanzania au Kenya inagandishwa pale pale, wenzio waliobaki hapo Northampton unapoishi wanaongezewa kila mwaka wewe unabaki na kiwango kile kile mpaka unaingia kaburini, lakini Ufilipino imo kwenye ile orodha fupi ya nchi zenye makubaliano na Uingereza kwahiyo ukiishi huku inapanda kila Aprili kama vile hujahama. Mi hili linaniuma sana nikiwafikiria wazee wetu waliorudi Unguja na Mombasa baada ya kuendesha mabasi na kusafisha wodi za watu miaka yote ile, wamechangia sawa na wengine alafu wanapunjwa kwa sababu ya nchi waliyochagua kufia. Kwa mwaka 2025 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, ukiibadilisha ulikuwa unapata zaidi ya peso elfu 70 kwa mwezi, na kwa mji kama huu wetu wa Dumaguete mtu mmoja anapanga nyumba nzuri ya vyumba viwili, anakula samaki wa leo leo na chenji inabaki. Kinachotafuna hela ni umeme. Huku umeme ni ghali jamani, ukiwasha AC kutwa nzima bili yake inaweza kukaribia kodi ya nyumba, na bado unakatika. Na ile punguzo ya wazee ya asilimia 20 kwenye dawa na mabasi unayoiona kwenye video za YouTube ni ya raia wa Ufilipino, sisi wageni hatumo, usiiweke kwenye hesabu.

Viza isikuumize kichwa. Kwa pasipoti yako ya Uingereza unaingia siku 30 bila viza, ukitaka kuendelea unaongeza pale uhamiaji hadi miezi 36, na ukiamua kukaa moja kwa moja kuna viza maalum ya wastaafu inayotolewa na mamlaka yao iliyoanzishwa tangu 1985, unaweka amana ya dola benki na kuonyesha pensheni yako. Mwaka 2021 walipandisha umri wa chini ukawa 50, 2025 wakaushusha tena ukawa 40, wewe kote umepita. Masharti ya ile amana yanabadilika badilika kwahiyo uliza wenyewe moja kwa moja, usimlipe dalali.

Sasa nirudi kwenye kuchoka kwako.

Wafilipino wamejengwa kwa hela inayotoka mbali. Wewe mwenyewe umefanya kazi na manesi wao hapo hospitali, unajua, na mimi mke wangu nilimkuta Muscat akiwa nesi, na kila mwisho wa mwezi nusu ya mshahara ilikuwa inaondoka hata kabla hajanunua sabuni. Dada yake yuko Hong Kong anafanya kazi za ndani, binamu wawili wako melini. Kila familia huku ina mtu wake aliyeko nje anayewabeba waliobaki, mdogo anasoma kwa hela ya mkubwa, akimaliza na yeye anambeba anayefuata, na sheria yao ya familia ya 1987 imeandika kabisa kwamba mke na mume, wazazi, watoto na ndugu wanawajibika kutunzana. Kwahiyo mgeni mwenye pensheni akiingia kwenye familia hiyo hawamuoni kama benki kama wanavyosema wazee wengi wa Kizungu wenye hasira, wanampanga kwenye mstari ule ule aliopo dada wa Hong Kong. Watakuomba. Ada, tairi la pikipiki, dawa ya presha ya bibi, na Disemba wale watoto uliokubali kuwa baba yao wa ubatizo au msimamizi wa harusi za wazazi wao watakuja wamejipanga mlangoni wanasubiri noti mpya. Na Krismasi huku inaanza Septemba, nyimbo madukani na taa juu.

Lakini angalia na upande wa pili. Mama mkwe wangu ana kiduka cha dirishani chenye wavu, hivi vya sari-sari vilivyojaa kila mtaa, anauza sigara moja moja, mafuta ya kupikia ya kwenye vifuko, dagaa wakavu, shampuu ya paketi ya kuoga mara moja, na pembeni ya dirisha kuna daftari limefungwa kwa kamba ya katani na kalamu yake. Ndani yake mtaa mzima unadaiwa. Kuna majina yamekaa mle tangu kabla sijaja na bado wenye majina hayo wanakuja asubuhi wanachukua mchele na anawaandikia tena bila kukunja uso. Siku kimbunga Odette kilipopita Disemba 2021, kikaivuruga Cebu na Bohol na huku kwetu upande wa Bais, umeme ukapotea, benki zimefungwa, mashine za kutolea hela zimekufa, sisi tulikula kwa hilo daftari. Safari hiyo na sisi tukaandikwa majina, na wale wadaiwa wake walikuja na misumeno kukata mti ulioangukia paa letu na hakuna aliyetaja malipo.

Na kuna jambo moja nataka ulisome taratibu. Hospitali za huku ukilazwa lazima uwe na mtu wako pembeni, wanamwita bantay. Daktari anaandika karatasi, bantay anashuka famasi kununua dripu, sindano, glavu, dawa, anapanda navyo, anakulisha, anakugeuza, anakupeleka msalani, usiku analala kwenye kiti au kwenye boksi sakafuni chini ya kitanda chako. Tulikuwa na jirani mzee wa Kizungu, mtu mstaarabu sana, aliyehamia huku kwa sababu kama yako hii hii, hakutaka kujuana na mtu, salamu yake ilikuwa ya kunyanyua mkono akapita. Akapigwa na kiharusi. Pesa alikuwa nazo, bima alikuwa nayo, nesi akatoka na karatasi mkononi anauliza bantay wake nani, pale korido hakuna mtu. Ikabidi mimi na shemeji zangu tupokezane, na nakumbuka mke wangu akimnyoa ndevu siku ya tatu huku mzee analia bila sauti, upande mmoja wa uso umelala. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anajua jina la mtoto wake wala nchi aliyopo, ilibidi tutafute kwenye simu yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu amezeeka huku bila kusumbuliwa na yeyote, muulize bantay wake ni nani.

Mi naona kuombwa na kuuguzwa ni mlango mmoja Mjomba, ukiufunga umefunga vyote viwili. Dawa ya kuchoka ipo na ni ya kawaida tu, wenyewe wanaofanya kazi nje wanaitumia, wanataja kiwango. Kila mwezi natoa hiki, kikiisha kimeisha, cha dharura kinakaa mfuko mwingine na anayekishika ni mama mkwe. Ukitaja mapema tena kwa heshima wanakuelewa kabisa. Kinachowaumiza ni mtu anayetoa leo kwa kucheka na kesho anafoka.

Mambo ya ndoa najua mimi ni mtoto kwako, uniwie radhi, ila sina budi. Wewe mjane mwenye pensheni utaposwa kabla hujafungua begi. Wanawake wema wapo tele, mimi ni shahidi, lakini kuna mambo mawili ya sheria. La kwanza, mgeni hamiliki ardhi huku, katiba yao ya 1987 imekataza, unaweza kumiliki apatimenti kwenye jengo ambalo wageni hawazidi asilimia 40 lakini kiwanja hapana, kwahiyo nyumba utakayojenga itakuwa juu ya ardhi yenye jina la mtu mwingine na likitokea la kutokea unatoka na begi lako. Panga nyumba ya mtu. Usijenge hata ukibembelezwa vipi. La pili, talaka hakuna, ukiacha Vatikani ni nchi hii tu iliyobaki bila talaka, isipokuwa Waislamu wana sheria yao ya ndoa tangu 1977 inayoiruhusu. Kwahiyo utakapoambiwa fulani aliachika, uliza aliachika kwa karatasi gani, maana wengi wametengana tu na kisheria bado ni wake za watu.

Na hapo naingia kwenye dini. Waislamu wengi wako kusini, Marawi, Cotabato, visiwa vya Sulu, huku kwetu kisiwa cha Negros tuko wachache. Nguruwe yuko kila mahali, mpaka kwenye mboga za majani anatupiwa vipande viwili vitatu, kwahiyo hotelini unauliza kila sahani. Nyumbani kwetu hakuna shida, siku ya sikukuu ya mtakatifu wa mtaa nguruwe mzima anachomwa na mimi nawekewa samaki wangu kwenye sufuria jipya lililonunuliwa kwa ajili hiyo, mama mkwe analificha asilitumie mtu. Na utakula vya kwenu, Ijumaa wanapika choroko, mchuzi wa kuku wanautia majani ya mlonge, muhogo na magimbi wanavipika kwa tui la nazi. Suala la maziko ndilo la kulipanga mapema. Wao maiti anakaa nyumbani siku nyingi, watu wanacheza karata na kunywa kahawa usiku kucha wakisubiri ndugu wa nje wafike, na wanaona kumzika mtu siku hiyo hiyo ni kama kumtupa. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya maziko ya Kiislamu inayotaka hospitali itoe maiti wa Muislamu haraka bila kumzuia kwa deni, ni jambo kubwa sana, ila andika wasia wako na umkabidhi mtu anayejua kukosha maiti.

Utatazamwa pia. Kisiwa chenyewe kinaitwa Negros kwa sababu Wahispania walikuta humu wenyeji weusi, lakini leo dukani rafu nzima ni sabuni za kung'arisha ngozi, na watoto watakufuata wakitaja majina ya wachezaji wa kikapu wa Marekani. Wengine watakugusa nywele. Mara nyingi hakuna ubaya ndani yake ila kuna siku itakuuma, sikufichi. Alafu mtoto huyo huyo ukiingia kwao atachukua mkono wako ataugusisha kwenye paji lake la uso, ndio shikamoo yao, na bibi yake atakuvutia kiti kwenye upepo. Mzee huku ana nafasi yake mezani, Mjomba, hiyo Northampton huna.

Kwahiyo nyumba usiuze. Ipangishe, njoo kwanza kwa zile siku 30 ufikie kwetu, usifikie hotelini. Njoo Februari, mvua zimepungua na vimbunga ni vya nadra. Tiketi ikate ya kwenda na kurudi maana bila hiyo hata kwenye ndege hawakupandishi. Na kabla hujaondoka wapigie wa Tanga uwaambie unakwenda wapi, mama amenuna kusikia kwa watu.

Mama mkwe anauliza kama unakula kaa au unawakataa kama marehemu babu, nijibu nimwambie.