Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Unafuu wa kodi kwa watengenezaji wa gemu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa kuwa Wizara yako hupokea maoni ya wananchi kuhusu maboresho ya kodi kabla ya Bajeti kusomwa bungeni mwezi Juni, naomba kuwasilisha hoja moja ya sisi tunaotengeneza michezo ya kompyuta na simu, ile ambayo mitaani inaitwa gemu: Serikali iturejeshee sehemu ya mishahara tunayolipa wakati gemu inatengenezwa.

Ofisi yetu ni chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, na tuko wanne. Kazi iliyotutoa jasho zaidi ni bao la simu. Mchezaji huona mashimo 32 na kete 64 tu. Asichokiona ni miezi tuliyoitumia kuifundisha programu lini nyumba, yaani shimo kuu la mchezaji, inasafiri na lini inalala, mpaka mzee mmoja wa barazani alipokubali kukaa nasi jioni kadhaa, akicheza na simu na kuikemea kila ilipokosea. Gharama ya bao hilo haikuwa mashine wala jengo. Ilikuwa mishahara, nayo ililipwa kabla shilingi moja ya mauzo haijaingia.

Ndiyo maana unafuu uliozoeleka unatupita kando. Sheria ya Kodi ya Mapato iliwawekea waunganishaji wapya wa magari na matrekta kiwango cha asilimia 10 badala ya 30 kwa miaka 5 ya mwanzo, na hatuwaonei kijicho. Lakini kampuni isiyo na faida haina cha kupunguziwa. Tena ikipata hasara miaka 3 mfululizo, sheria hiyohiyo inaidai kodi inayokokotolewa kwenye mauzo. Gemu yenye ukubwa wa wastani huweza kumaliza miaka 2 au 3 bado iko mezani.

Jimbo la Quebec, Kanada, lililiona hili mapema. Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa, ilifungua studio Montreal mwaka 1997 baada ya serikali kukubali kuchangia mishahara, na kwa miaka mingi utaratibu wa jimbo hilo ulirejesha asilimia 30 ya mishahara ya watengenezaji, ukipanda hadi asilimia 37.5 iwapo gemu ilitolewa pia kwa Kifaransa. Fedha hizo zililipwa hata kwa kampuni isiyodaiwa kodi yoyote. Naomba uitazame kwa makini ile nyongeza ya 7.5, maana kwayo jimbo liliamua kuilipia lugha yake. Kwetu ingekuwa ya Kiswahili. Ukipita kwenye banda la gemu alasiri utakuta mtangazaji wa mechi ndani ya runinga anazungumza Kiingereza, na vijana wamezima sauti yake ili watangaze wenyewe, kwa ufundi ambao hakuna kampuni ya nje iliyowahi kuulipia.

Sisemi kwamba mpango wa namna hiyo hauna mitego. Uingereza ilianza unafuu wake mwaka 2014, na sehemu kubwa ya fedha imeishia kwa kampuni kubwa. Ujerumani ilisitisha kupokea maombi mwaka 2023 kwa kuwa fungu lilikuwa limeisha, na Quebec yenyewe ilianza kubana mwaka 2024. Kwa sababu hiyo ningependelea kiwango kidogo, tuseme asilimia 15 ya mishahara na nyongeza ya 5 kwa gemu ya Kiswahili, chenye ukomo kwa kila gemu na kisichobadilishwa kwa miaka 5, kuliko ahadi nono itakayofutwa Bajeti ifuatayo. Uhakiki nao usiwe mzigo mpya: urejeshwe mshahara ule tu ambao tayari umekatwa kodi ya mshahara (PAYE) na kuchangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), kwa hiyo Mamlaka ya Mapato (TRA) na NSSF zitakuwa na kumbukumbu zake hata kabla hatujaomba.

Liko na suala la jina, ambalo linaonekana dogo hadi ulifikishe dirishani. Nilipokwenda katika ofisi moja kuuliza leseni inayotufaa, nilielekezwa kwa wasimamizi wa michezo ya kubahatisha, kana kwamba bao letu ni kamari. Muswada wa Sheria ya Fedha ukiandikwa, naomba uwe na tafsiri ya mchezo wa kidijitali inayoeleza bayana kwamba mchezaji haweki dau wala hashindi fedha, ili unafuu huu usije ukaangukia kwa kampuni za kubeti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtengenezaji wa gemu,
Sinza, Dar es Salaam