Risala ya Kikundi cha Wazee Walionusurika na Saratani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali ya mtaa, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha hapa Mbagala, tukitambua kuwa foleni ya Barabara ya Kilwa peke yake ingetosha kukurudisha nyumbani. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianzishwa na wagonjwa 7 waliofahamiana kwenye mabenchi ya kusubiria mionzi pale Ocean Road. Leo tuko 34, wote tumevuka miaka 60. Historia iliyobaki imo kwenye katiba, ambayo nakala yake iko mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tunamiliki turubai moja na mizani ya kisasa, ambayo kila Jumamosi hutuonyesha nani anapungua uzito kimyakimya, na hutusaidia kukadiria chakula chake, kwa kuwa mzee anahitaji walau gramu 1 ya protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Jiko letu la mafunzo, yaani mafiga matatu nyuma ya nyumba ya Mweka Hazina, limetufundisha kupika mchicha kwa karanga bila kuurundikia chumvi, na kusaga dagaa waliochambuliwa vizuri ili watiwe kwenye uji wa mwenzetu ambaye mionzi ya shingo ilimwachia mdomo mkavu. Chai ya rangi na andazi tumekubaliana kwamba ni ukarimu, si mlo.

Hata hivyo, dagaa peke yake hajengi misuli ya mtu anayeshinda amekaa. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wazee 641 wa Marekani, Kanada na Uingereza waliowahi kuugua saratani ya matiti, ya tezi dume au ya utumbo mpana. Walioelekezwa lishe na mazoezi kwa simu na kwa vitabu, wakiwa majumbani mwao kwa mwaka mzima, nguvu zao za kufanya shughuli zilishuka kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao. Nasi tunajitahidi, tukinyanyua chupa za nusu lita zilizojazwa mchanga. Tofauti ni kwamba sisi tunazinyanyulia kwenye mteremko wa udongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo penye kilio chetu. Baadhi ya dawa za saratani huacha ganzi miguuni, hata mtu asijue amekanyaga nini, na baadhi ya tiba za homoni, kwa saratani ya matiti na ya tezi dume, hudhoofisha mifupa. Masika iliyopita mama mmoja aliteleza kwenye tope akiwa katikati ya mazoezi, akavunjika kiwiko. Alikuwa ameishinda saratani; kilichomlaza ni uwanja wetu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye adabu inatuzuia kumtaja, alisimama hapo ulipo akatuahidi mabati na saruji za banda la mazoezi. Tulipiga makofi, tukamvisha kofia ya kiua, na wiki ileile tukachimba msingi kwa mikono yetu. Wa mwaka jana aliukagua msingi huo, akausifu, akaahidi kulifuatilia suala hilo. Hadi leo ndani yake yamestawi matembele tu, na tunakiri kwamba tumeyachuma na kuyala, kwa kuwa ni mboga nzuri.

Tunaomba, kwa unyenyekevu wote, mabati 40, mifuko 35 ya saruji na fundi wa kutusawazishia sakafu. Nguzo na mchanga tunavyo tayari, kwa michango ya wanachama. Hatuombi mashine za mazoezi. Tunaomba mahali pakavu pa kukanyaga kabla ya masika kurudi.

Ili tusikusumbue kwa barua za kukumbushia, Katibu ameandaa daftari la ahadi lenye nafasi ya kiasi, tarehe na saini. Liko mezani, karibu na chupa yako ya maji, pamoja na kalamu.

Naomba kuwasilisha.