Barua kwa Baba Mdogo, Lupa: kuhusu ile fulana

Washington, Jumapili usiku

Baba Mdogo, shikamoo. Salamu kwa Mama Mdogo na wote hapo Chunya.

Picha ya fulana nimeiona. Imekukaa vizuri, ila hayo maneno ya mgongoni, "Jasho Letu Lisikilizwe", yametungwa na mtu asiyejua moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku. Kabla hujapanda basi la Dodoma kwenda kuzungumza mbele ya wabunge kama mkulima wa tumbaku, jua mchuzi huo unavyopikwa. Huku kuna ofisi zinazoishi kwa kazi hiyo tu.

Bidhaa yao ni shaka. Desemba 1953 wakubwa wa sigara walikutana hotelini New York, wakakodi wataalamu wa uhusiano wa umma. Tarehe 4 Januari 1954 likatoka tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400: wataalamu hawajakubaliana kuhusu saratani, sisi tutagharamia utafiti. Kwa upole kabisa. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni moja ukakiri waziwazi kwamba shaka ndiyo wanayouza. Hata 1994 wakuu saba waliapa mbele ya wabunge wa Marekani kwamba nikotini haileti uraibu.

Baada ya hapo nani atawaamini? Ndipo mnapotafutwa nyie wakulima. Tanzania iko kwenye mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku tangu 2007, na kifungu cha 5.3 kinaitaka serikali ilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Mwenye kiwanda akiingia, wanamkodolea macho. Mzee mwenye kucha za udongo akiingia, wanampa kiti na maji ya chupa.

Utaratibu ni huu. Kwanza kinazaliwa chama chenye jina tamu, kisicho na daftari la wanachama. Kisha nauli, posho, na karatasi ya kusoma dakika tatu: ajira, ada za watoto, magendo. Itafute bei ya daraja la chini humo, au mkopo wa mbolea unaokatwa marobota yakishapimwa, au miti inayoishia kwenye bani. Hutaviona. Mambo huharibika pale mkulima wa Urambo na wa Namtumbo wanaposoma sentensi moja mpaka mkato wake, mbunge akacheka. Kwa hiyo siku hizi mnafundishwa kukwama kidogo. Ukikohoa katikati, ni bora zaidi. Kikohozi nacho kimo kwenye bajeti.

Nenda, Baba Mdogo, ila karatasi iache mfukoni. Zungumzia mizani na madaraja. Wakikuuliza aliyelipa nauli, mtaje. Na kabla ya kusaini fomu ya posho, soma jina lililo juu yake.

Fulana ina mikono mifupi, haifai kuchumia. Majani yenye umande yanapitisha nikotini kwenye ngozi, ndicho kile kizunguzungu na kutapika kwa Mama Mdogo. Avae koti la mvua na glavu, au asubiri majani yakauke umande.

Mwanao