Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mipaka ya Spishi za Dughulushi

Ndugu Wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga, kazi kubwa ya chama chetu imekuwa kuchunguza mipaka ya spishi za dughulushi, yaani mimea ya kundi la Saintpaulia inayoota kwenye miamba yenye kivuli katika Milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya.

Tangu Hermann Wendland alipoipa spishi ya ionantha jina la kisayansi mwaka 1893, wataalamu wamekuwa wakitofautiana kuhusu idadi ya spishi hizi. B. L. Burtt alitambua zipatazo 20, akitegemea zaidi vinyweleo vya majani: urefu wake, na kama vimesimama au vimelala. Mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipunguza hadi 6, nyingi kati ya zile za zamani zikawa nususpishi, yaani migawanyo ya ndani, za ionantha. Na mwaka 2015 kundi zima liliingizwa katika jenasi (kundi la spishi zenye asili moja) ya Streptocarpus, kwa kuwa vinasaba vilionyesha kwamba limechipuka humo humo.

Ugumu hasa uko Usambara na nyanda za chini za Tanga, ambako mimea ya bonde moja huweza kutofautiana waziwazi na ya bonde jirani kwa vinyweleo, ilhali vinasaba vyake vinakaribiana mno, na ikikutanishwa bustanini huzaana kwa urahisi. Spishi ya teitensis ya Mlima Mbololo, iliyojitenga kule Taita, haina utata wa namna hiyo. Naamini kwa dhati kwamba kielelezo kimoja kilichokaushwa hakitoshi kuamua jambo hili. Ndiyo maana Halmashauri ya chama imeagiza kila rekodi ieleze mimea mingi ya mahali pamoja, mwinuko, aina ya mwamba, na hali ya vinyweleo kabla jani halijabanwa na kukaushwa. Uamuzi huu una uzito, kwani jina likifutwa kwa haraka, mimea michache iliyobaki kwenye kijisitu kinachokatwa huweza kusahaulika katika mipango ya hifadhi.

Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina.

Mwaka ujao tunakusudia kulinganisha rekodi zetu na vielelezo vya zamani vya kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ambavyo vilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Wanachama wa Lushoto, Muheza na Tanga wanaombwa kuwasilisha rekodi zao kwa Katibu kabla ya kazi hiyo kuanza.

Mwenyekiti