Mwanangu, pakiti hiyo iache huko huko Winnipeg

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Babako hajambo, presha yake tu ndiyo inapanda na kushuka. Ameniambia umemwahidi kilo mbili za mbegu za hempu, na kwa vile hana siri, baraza zima linajua. Usizilete. Nimeona nikuandikie kwa sababu sauti ninazokutumia kwa simu unazisikiliza nusu.

Katika Kiswahili mmea ule hauna jina jingine ila bangi. Katani kwetu ni mkonge, wa kamba. Kwa hivyo hata ukieleza kutwa kwamba aina hii hailevyi, askari atasikia neno moja tu. Na pakiti uliyonipigia picha imechorwa jani lenye vidole saba mbele, kubwa kuliko maandishi yote.

Ya huko nayajua. Kanada imeruhusu kilimo chake kwa leseni tangu 1998, na hapo Manitoba ni zao kama mahindi. Punje yenyewe haina kilevi. Kidogo kinachopatikana ni utomvu unaogandia ganda wakati wa kuvuna, ndiyo maana zilizomenywa na kusafishwa hubaki karibu bila kitu. Lakini hayo utamweleza nani pale kaunta saa nane za usiku? Tiketi yako inapitia Dubai, ambako hata mbegu za mpopi, zile nyeusi za juu ya mikate, haziruhusiwi. Ukivuka hapo, huku uwanja wa ndege wa Moi kuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na bangi bado imo. Mfuko utapelekwa kwa Mkemia wa Serikali upimwe, na wewe utangoja jibu mahali nisipotaka kupafikiria. Ule unga wa kijani wa protini ndio usiuguse kabisa. Neno unga huku Mombasa unajua lina maana gani.

Wewe kuzila huko sina neno, nafurahi hata. Umeacha nyama, na mtu lazima ashike kitu. Gramu 30 za zilizomenywa, yaani vijiko vikubwa vitatu, zina protini gramu 9 na nusu hivi, magnesiamu miligramu 210, zinki miligramu 3, na mafuta mema ya omega-3 gramu mbili na zaidi. Ni chakula cha maana. Ila anza na kijiko kimoja kwa siku kwa wiki nzima. Karibu nusu ya punje ni mafuta, na anayeanza na vijiko vinne hushinda chooni.

Uji ukishaepua ndipo uzinyunyize. Usizikaange, wala usiyatie mafuta yake kwenye sufuria ya moto. Mafuta ya aina hii huungua upesi, yakawa machungu na kunuka kama samaki aliyelala. Ukifungua pakiti, mimina kwenye chupa ya kioo, funika vizuri, weka friza. Kabla ya kula, tafuna punje mbili tatu. Nzuri ina ladha ya korosho mbichi. Ikikuacha na uchungu nyuma ya koo au harufu ya rangi ya mbao, mwaga, hata kama ulizinunua ghali.

Maziwa yake: nusu kikombe cha mbegu, maji vikombe vitatu, saga dakika moja, chuja. Hakuna haja ya kuroweka. Yanakaa siku tatu kwenye friji, na yakijitenga tikisa tu. Ukiyatia kwenye chai ya moto yatakatika. Acha chai itulie kidogo, mimina maziwa kwanza kikombeni kisha chai polepole juu yake. Na usijidanganye kwamba yamechukua nafasi ya maziwa ya ng'ombe, kwa maana kalsiamu haimo. Gramu 100 za hempu zina miligramu 70 tu, wakati ufuta wenye maganda unakaribia 975, ingawa mwili hauichukui yote.

Sasa damu. Vijiko vile vitatu vina madini ya chuma miligramu mbili na nusu hivi, na mwanamke wa umri wako anahitaji 18 kwa siku. Huoni? Ongeza dengu, maharagwe, sukuma wiki, na ukamulie ndimu juu, chuma cha mimea hakiingii vizuri bila hiyo. Chai iwe saa nzima baada ya chakula. Tabia ya kushushia chakula kwa chai ya rangi uliitoa nyumba hii, nisikuonee. Na hiyo omega-3 ya mbegu si ile ya samaki. Mwili hugeuza sehemu ndogo tu, kwa hivyo kama samaki hujamwacha, mle. Ufuta, nao, omega-3 hauna ya kutaja, usinijibu kwamba tutabadilishana.

Nakurudia tena: begi lako lisiwe na hata punje. Wala zile za kutafuna njiani. Kung'uta mifuko ya koti.

Babako anadhani mbegu zitamwondolea vidonge. Mwambie wewe, mimi hanisikii, kwamba vidonge havibadilishwi na kijiko cha mbegu. Kinachompandisha ni chumvi. Mtu mzima anatakiwa asipite gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja, ikiwemo ya mkate na ya samaki mkavu. Achari ya ndimu anayoimaliza kila mchana hutoka jikoni kwa nani, hilo tusilizungumze. Nimeanza kuitia chumvi nusu. Haikai wiki, inafanya ukungu, basi natengeneza kidogo kidogo na kuiweka kwenye friji.

Ukitaka kumletea kitu, mletee mashine ya kupimia presha. Iwe ya kufunga mkono wa juu. Za kifundo cha mkono hukosea upesi mkono usipokuwa usawa wa moyo, na babako hakai hivyo hata dakika mbili. Nimempima kwa utepe wa cherehani, mkono wake ni sentimita 35. Mkanda wa kawaida huwa wa 22 hadi 32, ukimbana hutoa namba za juu za uongo, kisha nyumba nzima hailali. Chukua mkubwa, wa 32 hadi 42. Iwe ya betri, maana umeme wenu ni volti 120 na wetu 240, tusije tukaichoma siku ya kwanza.

Maji ya mfereji yamekatika tena, tunanunua madumu kwa mkokoteni. Nduguyo amesema atapandisha tangi juu kabla hujafika, nami namtazama. Chumba chako nimekifungua madirisha. Paka amezaa kitandani mwako, watoto wanne, nimewahamishia stoo lakini anawarudisha.

Nijibu kwa neno moja tu, kwamba umeziacha.

Mamako