Elimu ya kulima uani inaweza kuwa ajira Mtwara na Lindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vijana wa Mtwara na Lindi wenye ujuzi wa kilimo, wawe wameupata chuoni au shambani kwa wazazi wao, ambao wanahangaika kutafuta ajira ilhali ujuzi huo unahitajika karibu katika kila ua. Kwa maoni yangu, kuwafundisha watu kuotesha chakula nyumbani ni kazi inayostahili kulipwa na kukatiwa leseni kama biashara nyingine, bila kungoja mradi wa wafadhili.

Elimu ninayoikusudia ni ile iitwayo pamakalcha, iliyoasisiwa Australia katika miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, ambayo hupanga eneo ili maji, taka za jikoni, mifugo na mimea vitegemeane. Malighafi yake huku kusini ni tele. Makumbi ya nazi, ambayo wengi wetu huyachoma, yakifukiwa chini ya shimo la mgomba au mpapai hufyonza maji na kuyahifadhi katika udongo wetu wa kichanga usioshika unyevu. Na maji ya kuogea yakielekezwa kwenye shimo hilo, mgomba huendelea kustawi hata wakati wa kiangazi mboga zinapoadimika. Mabibo yanayooza chini ya mikorosho yakichanganywa na majani makavu, samadi ya mbuzi na majivu kidogo huwa mboji nzuri. Maganda ya korosho, kwa upande mwingine, yana mafuta makali yanayobabua ngozi, hivyo hayafai kutandazwa kwenye tuta la mchicha. Mambo kama haya huyajua mtu wa hapahapa, na ndiyo sababu naamini anacho cha kuuza.

Kikwazo kikubwa ni mazoea. Tumezoea semina ambazo mhudhuriaji ndiye anayelipwa posho, kwa hiyo atakayetangaza darasa la kulipia huenda akakaa peke yake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba atoze gharama ya kuanzisha bustani uani kwa mteja, wenye nyumba wakishika jembe pamoja naye na kujifunza papo hapo, na bei hiyo ijumuishe kurudi kukagua baada ya majuma machache. Miche ya mipapai na milonge pamoja na vipando vya matembele vitamwingizia kipato katikati ya mteja mmoja na mwingine. Lakini kwanza ua wake mwenyewe uwe kijani, kwa maana wateja watakuja kuutazama kabla ya kumwamini.

Majira nayo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Minada ya korosho huanza Oktoba, fedha huwafikia wakulima kuelekea mwisho wa mwaka, na mvua zetu za msimu mmoja huanza karibu wakati huohuo na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mwalimu mwenye busara atawatembelea wateja Septemba, apime ua, akubaliane nao bei na kazi, ili fedha zitakapopatikana bustani itengewe fungu lake kabla ya sare na ada za Januari kuzimaliza. Kwa familia za uwanda wa juu wa Makonde, kama Newala, ambako maji ni ya shida, somo la kwanza liwe uvunaji wa mvua: paa la bati lenye eneo la meta za mraba 40 hupokea lita 400 katika mvua ya milimeta 10 tu, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia kukata makorongo uani.

Mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa asilimia 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wa mikoa yetu miwili wasilikatae ombi la kikundi kwa sababu tu kinachouzwa ni mafunzo. Naiomba pia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lenye ofisi katika mikoa yote miwili, iwafundishe vijana hawa kupanga bei na kutunza hesabu, na watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, wawakaribishe kuuliza maswali kuhusu udongo na mbegu kabla mvua hazijaanza.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara