Mhariri, tunauziwa stika sio injini

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mi ni fundi wa injini ndogo hapa Ruaha Mbuyuni, hapa barabara ya Mikumi kwenda Iringa ambapo mabasi yakisimama abiria wananunua vitunguu dirishani. Natengeneza msumeno wa cheni, mashine za kufyekea, vijenereta, ila kazi kubwa ni pampu za maji maana huku bila pampu hakuna kitunguu wala nyanya. Nimeanza hii kazi 2004 na nimeamua kuandika kwa sababu hali ya hizi injini imefika pabaya na anayeumia ni mkulima.

Wiki iliyopita mama mmoja amekuja kaleta pampu ya inchi tatu imefungwa kwenye kiroba nyuma ya bodaboda. Kaniambia fundi mwanangu hii mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, ghafla ikapiga mlio mmoja mkubwa ikazima, nikivuta kamba haizunguki. Nikaifungua palepale anaona. Kondrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imekatika na imetoboa bloku, tundu la kuingia dole gumba. Mashine ina miezi minne tu tangu inunuliwe. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni oili, maana kesi nyingi ni oili, lakini nilimwaga kwenye kikombe ikatoka zaidi ya nusu lita na bado safi, kwahiyo huyu mama hakukosea popote. Nikachukua kile kipande cha kondrodi nikakiangalia kwenye jua, pale kilipokatika aluminiamu ina vitundu vidogo vidogo kama mkate. Chuma kilichomiminwa vizuri hakiwi hivyo, kinakuwa kimeshikana chembe kwa chembe. Ile kondrodi ilikuwa imeshaharibika tangu iko kiwandani, ilikuwa inasubiri siku tu.

Sasa hapo bado. Stika ya ile injini imeandikwa hospawa 7.5, hiyo ndio nguvu yake, na sisii 210, yaani ukubwa wa nafasi ya ndani ya silinda. Nikachukua vernia, ile rula ya kupimia vyuma, nikapima silinda, upana wake milimita 68, nikapima mwendo wa pistoni juu chini, milimita 45. Ukipiga hesabu hiyo ni sisii 163. Sio 210, hata 200 haifiki. Yani yule mama kalipia injini moja akapewa nyingine ndani ya ganda lilelile, na hawezi kujua mpaka mtu aifungue.

Naomba nielezee kidogo maana wasomaji wengi hawajui hizi injini zimetoka wapi. Mwaka 1983 Honda walitoa injini za familia ya GX, zile ambazo silinda imelala upande kidogo na valvu ziko juu. Baadae ikaja GX160, sisii 163, na hiyo ndio ikawa mama wa karibu kila injini ndogo unayoiona shambani, kwenye pampu, kwenye mashine ya kuchanganyia zege, kwenye jenereta, kila mahali. Baada ya miaka kama 20 hivi viwanda vya China vikaanza kuiga kwa wingi, ndio hizo 168F, ile 68 ni upana wa silinda. Na mimi sio mtu wa kusema cha China kibaya, hapana. Hizo kopi ndizo zilizomwezesha mkulima mdogo kumiliki pampu yake mwenyewe badala ya kukodi kila msimu, na kwa kuwa vipimo vilikuwa vilevile, spea ya hii ilikuwa inaingia kwenye ile, ringi, gasketi, kabureta, unanunua dukani Mbuyuni hapahapa mashine inarudi shambani siku hiyohiyo. Zile zilizokuja miaka ya 2008, 2010 zilikuwa imara, zipo zinazofanya kazi mpaka leo na wenyewe naweza kukuonyesha.

Kilichobadilika ni kwamba sasa hivi ile kopi nayo inapunjwa. Mwaka huu nimechukua pampu mbili za jina moja, rangi moja, inchi zilezile, moja ya 2015 moja mpya, nikazining'iniza kwenye mizani ya kupimia vitunguu. Ile mpya imepungua karibu kilo tatu. Kilo tatu zimeenda wapi? Nilizifungua zote nikatafuta. Flaiwili, lile gurudumu zito linalotuliza mzunguko wa injini, imekuwa nyembamba, impela inayosukuma maji zamani ilikuwa chuma sasa hivi aluminiamu, na mchanga wa mto huu unaila msimu mmoja tu imekwisha, bomba la fremu ukiligonga linalia kama debe. Flaiwili ikiwa nyepesi injini inapanda inashuka ikipata mzigo, mkulima anadhani kabureta, anakuja kusafisha kabureta mara tatu hela inaenda na tatizo liko palepale. Na nyingine nimeikuta imetoka kwenye boksi, haijawashwa hata mara moja, valvu ya moshi haina nafasi kabisa, inatakiwa milimita 0.20 na ya hewa 0.15, unaingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, haipiti. Hiyo ukiiwasha hivyohivyo valvu inaungua, alafu utaambiwa umetumia vibaya.

Na ile spea kuingia kila mahali nayo inaanza kuisha. Unanunua kondrodi imeandikwa 168F, ukiifunga ama inabana kwenye krenki ama inacheza. Gasketi matundu hayalingani. Zamani nilikuwa naagiza kwa simu nimefumba macho, sasa lazima nibebe ile ya zamani mfukoni nipande basi niende nikalinganishe dukani.

Turudi kwenye hospawa maana hapo ndipo roho inaniuma zaidi. Honda wenyewe GX160 walikuwa wanaiandika 5.5, baadae namna ya kupima ilipobadilika wakaishusha wenyewe, sasa wanaandika 4.8. Injini ya ukubwa uleule. Mwenye injini halisi anasema 4.8, anayeiga kwa vyuma vyepesi anasema 7.5, inawezekana vipi? Na hili jambo la kuongeza hospawa kwenye stika sio la kwetu peke yetu, Marekani watu walishitaki kampuni kadhaa za mashine za kukatia nyasi na za injini kwa kosa hilohilo, na 2010 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 65 pamoja na kuongezewa mwaka mmoja wa dhamana. Wale walikuwa wanakata majani ya bustani. Huku kwetu mtu anaweka mbegu, mbolea, dawa, vibarua, kila kitu juu ya ile stika, maji yakikatika siku nne kitunguu kiko kwenye kujaza hakuna cha kurudisha.

Maji nayo pia yanaandikwa uongo. Pampu nyingi za inchi tatu zimeandikwa zinatoa mita 60 za ujazo kwa saa. Hiyo ni lita 1000 kwa dakika, maana yake pipa la lita 200 linatakiwa kujaa kwa sekunde 12. Nimejaribu na pipa hapo mtoni na simu yenye saa, mpya kabisa, ikachukua sekunde 31. Najua ile namba ya kiwandani wanapima bila kupandisha maji juu na sisi tunavuta kutoka chini, nimeliweka hilo kwenye hesabu, ndio maana nikaweka na ile ya 2015 palepale, hozi ileile, ikajaza kwa sekunde 19. Tofauti hiyo ni petroli ya mkulima.

Siwezi kuwa fundi mkweli nikaacha kusema na sisi watumiaji tunapokosea. Hizi injini hazina pampu ya oili, kuna kijiko chini ya kondrodi kinachota oili na kuirusha juu, sasa ukiiweka mashine kwenye mteremko wa kingo za mto oili inakimbilia upande mmoja kijiko kinachota hewa, injini inanoki. Chimba kidogo uiweke sawa, ni kazi ya dakika tano na jembe. Alafu oili ya kwanza inamwagwa baada ya saa 20 na zinazofuata kila saa 100. Mkulima wa hapa anawasha saa 12 asubuhi anazima saa 10 jioni, kwahiyo saa 20 zinaisha siku ya pili tu, na saa 100 ni siku kumi. Wengi wanabadilisha mara moja kwa msimu. Lakini kosa hili nalo lina mwenyewe, kile kitabu kinachokuja kwenye boksi ni cha Kichina na Kiingereza, nani kamwambia huyu mkulima kwa lugha yake?

Ninachoomba ni kitu kinachowezekana. TBS, shirika la viwango, tayari wana utaratibu wa mizigo kukaguliwa huko inakotoka kabla haijapakiwa melini. Naomba kwenye injini ndogo ukaguzi usiishie kwenye makaratasi na plagi, ichukuliwe injini moja kwenye mzigo ifunguliwe, ipimwe silinda na mwendo wa pistoni, namba ikipishana na stika mzigo usije. Haihitaji maabara kubwa, mi napima kwa vernia mezani kwangu. Pampu iwashwe ijaze pipa. Na anayeingiza alazimike kuleta kondrodi, ringi, pistoni na sili za modeli hiyohiyo pamoja na maelekezo ya Kiswahili, asiruhusiwe kuleta mashine tupu elfu moja bila spea hata moja. Bei itapanda kidogo, najua, na wakulima wenzangu watanilaumu, lakini pigeni hesabu ya pampu moja ya laki tatu kila msimu kwa misimu mitano.

Kuna watu wataniambia hamieni sola. Sola ni nzuri kwa mwenye kisima na shamba moja, ila huku pampu inabebwa begani leo huku kesho kule, na ya kutoa maji ya inchi tatu bei yake wengi wetu hatuifikii.

Ile pampu ya mama bado iko mezani kwangu, bloku haizibiki, na dukani alikonunua wamemwambia dhamana haihusu kondrodi. Nimemwazima mashine ya marehemu baba, GX160 aliyoinunua 1996, nimeshaibadilisha ringi mara mbili na kuichonga silinda mara moja. Leo asubuhi nimepita shambani kwake nimeikuta inavuta maji.

Fundi wa pampu,
Ruaha Mbuyuni, Iringa